Usitupe Kipande: Namna ya Kuyatumia Mabaki ya Kanga na Vitambaa vya Nyumbani



Hivi karibuni nilikwenda kumsaidia mke wa mwanangu kuhama nyumba. Mlangoni nikakuta mifuko mitatu mieusi imeshafungwa, inangoja kupelekwa kwenye pipa la baladia. Tabia yangu ya ukarani hainiruhusu kupitisha kitu bila ya kukifungua. Mfuko mmoja ulikuwa umejaa vitambaa: mapande ya kanga zilizochanika, mikono ya dishdasha ya mwanangu, vipande vya abaya vilivyorudishwa na fundi, na gauni la mjukuu wangu alilovaa siku alipotolewa arubaini. Nikamuuliza, "Mwanangu, na hivi navyo ni taka?" Akanijibu kwa adabu, "Bi Mkubwa, mimi sijui hata pa kuanzia."

Jawabu lake lilinikaa moyoni. Hakusema hataki, alisema hajui. Sisi wazee hodari wa kulalamika kwamba vijana wanatupa kila kitu, lakini tumekaa nao lini tukawaonesha? Basi haya ninayoandika leo ni kwa ajili yake yeye, na kwa kila mwenye mfuko kama ule nyumbani kwake.

Ushoni nilifunzwa na watu wawili. Wa kwanza ni bibi yangu mzaa mama, pale Unguja, ambaye alikuwa hana cherehani wala hakuitaka. Wa pili ni sista mmoja wa skuli ya misheni niliyosoma. Asubuhi tulikuwa kwa masista, jioni tulikwenda chuoni kusoma Kurani, na hakuna aliyeona ajabu. Yule sista alikuwa haitazami kazi kwa mbele. Akiichukua, anaigeuza nyuma, akiona nyuzi zimevurugika anakurudishia ufumue. Nilikuja Oman mwaka 1973, nikafanya kazi ya ukarani mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo sindano haikunitoka mkononi.

Kanga yenyewe ilianza kwa vipande

Kabla ya kuingia kwenye kazi, nataka tuondoe aibu. Wapo wanaoona kuunga vipande ni alama ya ufukara. Nawakumbusha asili ya kanga tunazojivunia. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua leso za mraba zilizochapwa, zikiuzwa kwa jora kabla hazijakatwa moja moja. Walikata kipande cha leso sita, wakakigawa mistari miwili ya leso tatu tatu, kisha wakaishona pamoja ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja pana ya kujifunga. Hizo ndizo leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona zinavyopendwa, ndipo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima nzima. Neno leso lina asili ya Kireno, na Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Kwa hivyo aliyeunga vipande vya kanga hajafanya jambo la kinyonge. Amerudi kwa waliotutangulia.

Lakini iko sharti moja ambayo bibi yangu hakuiachia: nguo nzima yenye uhai haikatwi. Kama bado inavalika, ifue, ipige pasi, umpe mwenye haja nayo. Kinachokatwa ni kile ambacho ungeona haya kumpa mtu.

Kupanga kabla ya kukata

Ofisini tulikuwa na sheria: karatasi isiyojulikana inakokwenda haiondoki mezani. Vitambaa ni hivyo hivyo. Mwaga mfuko wote juu ya mkeka, kisha utenge mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vipande vinavyozidi shibiri mbili kila upande. Fungu la pili ni vya shibiri moja hivi, na fungu la tatu ni vidogo kuliko hapo, pamoja na vile virefu vyembamba. Kila fungu lina kazi yake, na ukilazimisha kipande kidogo kifanye kazi ya kikubwa utaishia kuchoka na kutupa.

Halafu tenga pamba na nailoni. Kanga zetu ni pamba, lakini abaya nyingi na vitambaa vingi vya dishdasha vina poliesta ndani yake. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya sinki, uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inatoa jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kijidonge kigumu. Hili si jambo dogo, kama utakavyoona tutakapofika jikoni.

Baada ya hapo, vifue. Vitambaa vyekundu, vya zambarau na vyeusi vifuliwe peke yake. Wengi wetu tulifundishwa kutia chumvi au siki ili rangi ishike. Nami nimefanya hivyo miaka mingi, lakini kwa rangi za viwanda vya leo haisaidii. Dawa ni kufua na kusuuza mpaka maji yatoke meupe. Kisha kijaribu: chovya kipande majini, kiweke juu ya kitambaa cheupe, ukandamize kwa pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikishika rangi, bado. Ukidharau hatua hii, kiraka kimoja chekundu kitaharibu kazi ya mwezi mzima.

Mwisho, inua kila kipande cha zamani mbele ya dirisha. Pale mwanga unapopita kama kwenye chandarua, kitambaa kimeshakufa, kikate ukitoe. Kanga iliyovaliwa sana huchoka mahali ilipokuwa ikikazwa na ilipokuwa ikikaliwa. Pindo zake mara nyingi bado zina nguvu. Na usiunge kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa na cha zamani. Kipya kikiingia majini kinarudi, kile cha zamani kimeshamaliza kurudi, na mshono unajikunja kama uso wa mwenye hasira.

Kazi za vipande vikubwa: mto, na kosa langu

Kipande kikubwa cha kanga kinafaa foronya ya mto wa sebuleni. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata mbele mraba wa sentimita 42, ili upate sentimita moja ya mshono kila upande. Nyuma kata vipande viwili vya sentimita 42 kwa 28, ukunje pindo upande mmoja mrefu wa kila kimoja, uvipandishe juu ya mwenzake katikati, kisha ushone pande zote nne na kugeuza. Mto unaingia kwa nyuma bila ya zipu wala kifungo, na foronya inavuka rahisi kwenda kufuliwa.

Ukikata kanga kwa ajili ya mto, tazama kwanza jina liko wapi. Nalisema hili kwa uchungu. Mama yetu alipofariki, Mungu amrehemu, nguo zake nzuri tulizitoa sadaka, na mimi nikabaki na kanga zake za ndani zilizochakaa. Mojawapo ilikuwa imeandikwa NANI KAMA MAMA. Mdogo wangu wa Sib aliniomba hiyo. Nikamwambia subiri, nitashona mito miwili, mmoja wangu na mmoja wako, tuitoe kwa Idi. Siku zikaniwahi. Usiku mmoja wa mwisho wa Ramadhani nikaikunja kanga katikati, na bila ya kuikunjua nitazame nikatia mkasi pale pale kwenye mkunjo. Nilipofungua, mkono mmoja nimeshika NANI KA, na mkono wa pili nimeshika MA MAMA.

Mdogo wangu alipoona hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada, umemkata mama vipande viwili," akaondoka. Idi ile hakuja kwangu, na zikapita siku nyingi akinijibu simu kwa salamu tu. Kitambaa kile hakikuwa na thamani ya riali moja sokoni, lakini ndicho kilichokuwa kimebaki na umbo lake.

Tokea hapo nina kanuni zangu tatu. Ya kwanza, tandaza kanga yote chini, uisome, uchore kwa chaki, ulale, ukate asubuhi. Ya pili, jina na lionekane lote. Urefu wa kanga ni kama mita moja na nusu, na jina huchukua nafasi yake kubwa, kwa hiyo mara nyingi halienei kwenye mto wa mraba. Basi shona mto mrefu wa kuegemea, takia, au ukate ukanda wa jina ukaushone juu ya shuka kama pambo la upande wa kichwani. Ya tatu, muulize kila mwenye haki kabla ya mkasi kugusa. Nguo ya marehemu haina mwenyewe mmoja.

Vipande vya shibiri moja: mfarishi wa mtoto

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Katika nyumba zetu za huku, ambapo kiyoyozi kinazunguka mchana na usiku, mfarishi wa viraka una matumizi kila siku.

Kata kadi ngumu ya mraba wa sentimita 12, uitumie kama kipimo. Kipande kizima cha kanga chenye mita moja kwa sentimita 70 kinatoa miraba 40. Kwa mfarishi mdogo unahitaji miraba 63, yaani mistari 9 ya miraba saba saba. Ukishona kwa pindo ya sentimita moja, kila mraba unabaki sentimita 10, na mfarishi unatoka sentimita 70 kwa 90.

Itandaze miraba yote chini kabla ya kushona, urudi nyuma uitazame. Sogeza mpaka jicho liridhike. Usiweke viraka viwili vya rangi kali pamoja, na katikati tia vyepesi ili jicho lipumzike. Mabaki meupe ya dishdasha yanafaa hapa, mradi yote yamefuliwa kwanza. Shona mistari mmoja mmoja, uipige pasi, mshono wa mstari wa kwanza ulale kulia, wa pili ulale kushoto, ili ukiunganisha usipate donge penye njia panda. Kisha unga mstari na mstari.

Ndani tia shuka nzee ya flaneli au blanketi jembamba la pamba. Chini tia kitambaa kizima. Tabaka tatu hizi zipigwe bandi kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia ukingoni, kitambaa kitajikusanya katikati na hakitanyooka tena. Baada ya bandi, pitisha mshono juu ya mistari ya viraka, au kama huna cherehani, funga fundo la uzi mzito kwenye kila kona ya mraba. Malizia kwa utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 6 kuzunguka pembeni. Utahitaji kama mita tatu na nusu, nao waweza kuungwa kwa vipande. Mfarishi huu ni wa kutandika chini mtoto achezee, au kumfunika mkubwa anapotazama televisheni. Mtoto mchanga asifunikwe nao akilala, maana unaweza kumziba pumzi.

Cherehani yangu ilipoharibika nilishona mfarishi mzima kwa mkono. Ulinichukua miezi minne, mraba mmoja au miwili baada ya kila sala ya alasiri. Haba na haba hujaza kibaba.

Jikoni na kabatini

Vishikio vya sufuria ni kazi ya saa moja, na ni pa kuanzia kwa asiyejua kitu. Kata miraba miwili ya sentimita 20, ndani tia tabaka mbili za taulo kuukuu, shona pembeni, geuza, kisha pitisha mishono miwili ya msalaba ili ndani pasihame. Hapa ndipo ile kazi ya kuchoma uzi inapohitajika. Kishikio kiwe pamba tupu, nje na ndani. Poliesta ikigusa sufuria la moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Na kishikio kilicholowa maji kinapitisha moto haraka, kwa hiyo kianikwe kikauke kabla ya kutumiwa tena.

Kifuniko cha jagi nacho ni chepesi. Chora duara kwa sahani, kata, kunja pindo nyembamba, kisha ushonee shanga pembeni kila baada ya vidole viwili. Shanga zinakipa uzito kisipeperushwe na feni. Bibi yangu alikuwa akifunika hivi maji ya mtungi na maziwa.

Vifuko vya karafuu vinapendwa sana na wageni. Kata kitambaa cha sentimita 12 kwa 30, ukunje mara mbili, ushone ubavuni, utie kamba mdomoni. Karafuu usizimwage moja kwa moja ndani. Zina mafuta, na mafuta yanaacha doa kwenye nguo nyeupe. Zitie kwanza kwenye kifuko kidogo cha bafta, ndipo uingize ndani ya kile cha kanga. Ukipenda, ongeza kijipande cha udi. Kiweke kabatini, na kila baada ya miezi mitatu kikande kidogo kwa vidole, harufu itafufuka.

Abaya, dishdasha na vile vidogo kabisa

Mabaki ya abaya yanateleza na hayafai kwa viraka, lakini ni mazuri kwa vibanio vya nywele vya mabinti. Kata utepe wa sentimita 8 kwa 50, shona uwe kama mrija, geuza, pitisha mpira wa sentimita 20 ndani, funga ncha, ziba. Msichana wa miaka minane anaweza kujifunzia hapo mshono wake wa mwanzo. Mabaki ya dishdasha ni magumu na safi, nami huyatumia kama bitana ya mikoba ya sokoni.

Na ukiishiwa na vipande, pita kwa fundi wa mtaa wenu. Mafundi wengi wa huku, wawe Wahindi, Wapakistani au Wabangladeshi, hufagia mabaki kila jioni. Mimi nilimpelekea wangu sambusa, tokea hapo ananiwekea mfuko.

Vile vidogo visivyofaa chochote, pamoja na nyuzi, vikatekate ujazie mto. Lakini ujue mto huo utakuwa mzito na mgumu. Ni wa kukalia, au wa kuzuia mlango usijipige, si wa kulazia kichwa. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo tambara la kufutia, na tambara likimalizika, basi hapo ndipo pipa la baladia linapopata haki yake.

Andika, usitegemee kumbukumbu

La mwisho ni la karani. Kila ukimaliza kitu, shona kwa nyuma kijipande cha bafta, uandike kwa kalamu isiyofutika: kanga ya nani, gauni la nani, limeshonwa mwaka gani. Wewe unajua. Mjukuu wako hatajua. Mfarishi usio na maandishi, baada ya miaka thelathini, ni blanketi kuukuu tu, nao utaishia kwenye mfuko mweusi.

Yule mke wa mwanangu sasa ameshona vishikio vya sufuria sita. Kimoja kimepinda, nimemwambia sista wangu angemrudishia. Alicheka, akakifumua. Gauni la arubaini tumelitia katikati ya mfarishi ambao bado haujafika nusu.

Na ile mito miwili niliishona hivyo hivyo ilivyo. NANI KA iko kwangu, MA MAMA nilimpelekea mdogo wangu Sib mwenyewe kwa mkono wangu, nikamwomba radhi. Aliipokea. Siku hizi akija kwangu Idi huja nao kwenye gari, tunaiweka pamoja kwenye kochi, na mshono haufichiki.

Mwenye njia nyengine za kutumia mabaki, khasa wale wa Sur na Ibra ambao nasikia mikono yao ni hodari, atuandikie nasi tufaidike. Wabillahi tawfiq.